Muulize Kapteni: Daftari la faini na video ya bafuni

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu habari ya wachezaji chipukizi wanaofulishwa nguo za wakongwe kambini. Sikutegemea barua zilizofuata. Nimechagua tatu, na ile ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwenyewe anasubiri jibu.

Asalaam aleykum Kapteni, na shikamoo. Mie ni beki wa kushoto, nina miaka 19, kwetu Wete, Pemba. Mwaka jana nilisajiliwa na timu ya Ligi Kuu hapa Unguja, mkataba wa miaka miwili. Baba aliuza karafuu zake za msimu ule, hakubakisha hata pishi, ndizo zilizoninunulia daluga, begi na nauli ya boti, na zilizobaki akanipa za kuanzia maisha. Tangu siku ya kwanza wakongwe wananiita Yakhe. Nikifungua mdomo wanayarudia maneno yangu kwa kuyavuta, chumba kizima kinacheka. Sasa sizungumzi, hata uwanjani siiti mpira. Kuna mkongwe anashika daftari la faini: ukichelewa elfu tano, usipompisha mkubwa bafuni elfu tano, ukinuna elfu tano. Mwezi uliopita nimelipa elfu sitini, na posho yangu ni laki mbili. Wiki mbili nyuma mmoja alinipiga video nikiwa nakoga, akairusha kwenye grupu la WhatsApp la wachezaji. Nilimwambia kocha msaidizi, akacheka, akasema, "Utakomaa." Nivumilie mpaka mkataba uishe, au nikate tiketi nirudi kwetu bila ya kumuaga mtu?
*Beki wa Kushoto, Unguja*

Wa aleykum salaam mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama pale unaposema siku hizi huiti mpira. Nimecheza beki miaka kumi na moja. Beki wa pembeni akinyamaza, beki wa kati hajui kama amfuate winga au abaki, na kipa hajui nani kabakia nyuma ya beki huyo. Kocha mwenye macho angeona uwanjani kwamba kuna kitu kimeharibika chumbani, kabla hujamwendea kumwambia.

Usijidhanie kuwa haya yamekufika kwa sababu u mdogo au u mlaini. Wamarekani wana mpira wao ule wa kofia ngumu. Mwaka 2012 timu ya Miami Dolphins ilimchukua kijana anaitwa Jonathan Martin, msomi wa Chuo Kikuu cha Stanford, urefu wake karibu mita mbili, uzito unapita kilo 130. Mtu kama huyo ukikutana naye Darajani unampisha njia. Tarehe 28 Oktoba 2013 aliingia katika bwalo la timu na chakula chake, akaifuata meza ya wenzake. Wote wakanyanyuka wakamwachia meza. Akatoka, na Miami hakuichezea tena. Ligi ikamweka mwanasheria Ted Wells kuchunguza, na Februari 2014 ikatoka ripoti ya kurasa 144. Ilikuta kwamba wachezaji watatu, kiongozi wao Richie Incognito, walikuwa wakimtukana kwa rangi yake na kwa mama yake na dada yake, wakaelemea pia mchezaji mwengine kijana na msaidizi mmoja wa tiba. Na wao walikuwa na daftari la faini, kama hilo lenu. Incognito alipojua kwamba atasimamishwa alimwandikia mwenzake ujumbe wa simu: daftari lile liharibiwe asubuhi na mapema. Lingekuwa la mzaha, angelikuwa na haraka gani ya kuliharibu? Kocha wa safu yao na mkuu wa watu wa tiba nao walifukuzwa mwezi huo huo wa Februari.

Sasa hiyo video. Hapa sitaki kusikia neno utani kutoka kwa mtu yeyote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Bara na Zanzibar pia, na kifungu chake cha 23 kinamhusu anayemtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kurusha picha za utupu kuna kifungu chake mbali. Wakongwe wako huenda hawayajui haya. Nahodha wao ana wajibu wa kuyajua.

Wafaransa yaliwafika mwaka 2015, kambini kwao Clairefontaine. Kulikuwa na video ya faragha ya Mathieu Valbuena mikononi mwa watu waliotaka kumtoza pesa, na Karim Benzema, aliyekuwa akivaa naye jezi moja ya timu ya taifa, akamwendea kumshawishi amalizane nao. Benzema hakuipiga yeye video ile. Hata hivyo Novemba 2021 mahakama ya Versailles ilimtia hatiani kwa kushiriki: kifungo cha mwaka mmoja kilichosimamishwa na faini ya euro 75,000. Alikosa Euro ya 2016 na Kombe la Dunia la 2018. Valbuena, ambaye ndiye aliyetendewa, timu ya taifa hakuichezea tena. Hilo la mwisho linaniuma hadi leo, na ndilo linalonifanya nisikwambie uvumilie.

Basi fanya hivi. Usiifute video, na usimrushie mtu yeyote, hata mie usinitumie. Piga picha ya skrini inayoonesha grupu, namba ya aliyeirusha, tarehe na saa, kisha zihifadhi nje ya simu yako, kwa mtu unayemwamini ambaye hayumo timuni. Nunua daftari lako mwenyewe, la mia tano linatosha, uandike kila faini: tarehe, kiasi, nani alipokea, nani alikuwepo. Tena soma mkataba wako. Kama hizo faini hazimo ndani yake wala katika kanuni za klabu zilizoandikwa, huyo mkongwe anakuchukulia pesa zako tu.

Kisha andika barua kwa katibu wa klabu, ukurasa mmoja, bila ya matusi wala kulia. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokewa urudi nayo. Usimpe kocha msaidizi akupelekee. Wakikaa kimya, nakala hiyo hiyo inakwenda ZFF, shirikisho la mpira la Zanzibar, na hilo la video linakwenda kituo cha polisi, ukiongozana na mtu mzima wa familia.

Kurudi kwenu kwa boti ya usiku nakukataza kabisa. Ukiondoka kimya, klabu itasema umevunja mkataba, na wewe ndiye utakayedaiwa. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 14, zinamruhusu mchezaji kuvunja mkataba akiwa na sababu ya haki, lakini sababu huthibitishwa kwa karatasi. Ondoka mchana, na karatasi zako mkononi, ikibidi kuondoka.

Na hilo la Yakhe. Neno lenyewe halina ubaya, kwetu ndivyo rafiki anavyomwita rafiki. Limegeuzwa tusi na kinywa kinacholitumia. Uingereza palikuwa na kocha wa Crawley Town, John Yems, akiwatania wachezaji wake kwa rangi na dini zao na kuona ni maskhara ya mazoezini. Mwaka 2023, baada ya rufaa ya chama cha mpira, adhabu yake ilipandishwa ikafika miaka 3 nje ya soka. Wewe sema kwa Kipemba chako, mwanangu. Januari 2025, Zanzibar Heroes walipoifunga Burkina Faso 2-1 na kuchukua Kombe la Mapinduzi, walichukulia Gombani, huko huko Pemba, na waliojaza majukwaa yale wanasema kama unavyosema wewe.

Mpigie baba yako leo usiku, baada ya Isha, akiwa ametulia. Najua unaogopa kwamba atazililia karafuu zake. Mie ni baba wa watoto watano, na nakuhakikishia atakalolilia ni kujua kwamba ulikaa miezi yote hiyo peke yako.

Kaka Kapteni, salaam. Mwanangu ana miaka 14, yumo katika akademi moja ya mpira hapa mjini. Wiki iliyopita nilimwona na alama za mkanda mgongoni. Kwanza alisema kaanguka, kisha akasema wakubwa "walikuwa wanatukaribisha". Baba yake anasema tusiende kulalamika, tutamharibia nafasi. Nifanye nini?
*Mama wa Kwahani*

Dada yangu, hili halisubiri mwezi ujao. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na aliyempiga mtoto mkanda ana kesi ya kujibu, awe kavaa jezi au kanzu. Mpeleke kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali. Pale daktari, polisi na mshauri wapo pamoja, kwa hiyo mtoto hatarudishwa huku na kule akisimulia jambo moja mara nne. Ukitaka ushauri kabla ya kutoka nyumbani, piga 116, haina malipo. Mpaka hapo asiende mazoezini.

Zungumza naye peke yenu, ndugu zake wasiwepo, na umwache amalize. Usimkatize kwa kumuuliza kwa nini hakusema. Andy Woodward, mchezaji wa zamani wa Uingereza, alifanyiwa uovu na kocha wake alipokuwa mtoto, na alipojitokeza mwaka 2016 kuyasema hadharani alikuwa na miaka 43. Sisemi kwamba mwanao yamemfika ya Woodward. Nasema mtoto anayeanza kusimulia na alama za mkanda huenda anapima kwanza kama utasikia.

Mumeo naye nimesoma hofu yake. Mwambie nimesema mtoto wa miaka 14 mwenye mguu mzuri atapata timu nyengine.

Kapteni, heshima yako. Nina miaka 32, nimecheza timu nne za Ligi Kuu. Ulichoandika mwezi uliopita kimenikera. Sote tulipitia: tulibeba mabegi ya kaka zetu, tulifua jezi, tulipigwa na taulo mbichi. Ndivyo tulivyokomaa. Leo kijana akiguswa anakimbilia kushtaki. Mpira unataka ukali. Huoni mnalea mayai?
*Mkongwe*

Mdogo wangu, ahsante kwa kuandika ulivyo, bila ya kujipamba. Tuwekane sawa: kubeba mipira na koni ni kazi ya wadogo, nami nilibeba, na sijaona ubaya wake. Ukali wa mazoezi ni haki ya kocha. Utani nao ni wetu, tumezaliwa nao. Lakini utani una njia mbili. Siku moja mwache huyo kijana akutanie wewe mbele ya chumba kizima, akucheze usemi wako, akutoze elfu tano kwa kununa. Ukijiona unainuka kumkabili, utakuwa umepata jibu bila ya msaada wangu.

Unasema sote tulipitia. Ni kweli, na waliobaki wanaweza kusema hivyo. Walioondoka hawapo chumbani kusema chao.

Mwaka 1994 nilikuwa nahodha wa timu moja ya mjini, jina lake naliacha. Tulikuwa na winga wa miaka 18 kutoka Konde, Pemba, mwepesi kupita wote tuliokuwa nao. Alikuwa na daluga pea moja tu, nyeusi, ile ya kushoto imeshonwa ubavuni kwa mshipi wa kuvulia samaki. Baba yake ndiye aliyeishona, na alijivunia mshono ule. Siku ya mechi wenzangu waliificha hiyo ya kushoto. Mie sikuificha, ila niliona ilikopelekwa.

Kijana akatafuta. Alipiga magoti akachungulia chini ya mabenchi yote, kisha akamwendea kila mmoja wetu kwa zamu, "Samahani kaka, hukukiona kiatu changu?" Watu wanajizuia kucheka. Alipofika kwangu, kwa nahodha wake, nilimwambia, "Tafuta vizuri."

Akaazima kiatu kinachombana, akacheza dakika ishirini, akatolewa soksi ina damu. Kocha hakumwanzisha tena. Baada ya wiki mbili tukaambiwa kapanda meli karudi kwao, na sisi tukasema hakukomaa.

Mwaka juzi nilikwenda kuzika Konde. Baada ya dua akanijia mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, akanipa mkono, akaniuliza hali na watoto. Nilimjua kwa mwendo. Tukakaa chini ya mwembe, tukazungumza habari za karafuu na za boti. Nikadhani kasahau. Nilipoinuka kuaga akaniuliza kwa upole, "Kapteni, kile kiatu mlikitia wapi?"

Nikamwambia: ndani ya tangi la maji, nyuma ya mabafu.

Akatikisa kichwa taratibu. "Huko," akasema, "sikutazama."