Muhuri wa Merton: ni mmoja au miwili?

Swali: Nimepata picha mbili za muhuri wa nyumba ya watawa ya Merton, Uingereza, wa mwaka 1241. Moja ina Bikira Maria na Mtoto, nyingine ina askofu. Ni mihuri miwili? Na nta imedumuje muda wote huo?

Jibu: Ni mmoja, ndugu msomaji, umepigwa picha mbele na nyuma. Merton ilianzishwa 1114 na Gilbert, liwali wa mfalme huko Surrey, kwa ajili ya wakanoni, yaani mapadre wanaoishi pamoja kama watawa, wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Augustino. Askofu wako ndiye Augustino mwenyewe, na Maria ndiye msimamizi wa kanisa lao. Thomas Becket, baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, alisoma hapo utotoni.

Muhuri wa namna hii ulihitaji kalibu mbili za metali, kwa kawaida shaba, zilizochongwa kinyumenyume. Hati ya ngozi hutobolewa chini, ukapitishwa ukanda au uzi. Nta ya vuguvugu hulazwa kwenye kalibu ya kwanza, ncha za ukanda huwekwa juu yake, huongezwa nta, kisha kalibu ya pili hugandamizwa kwa nguvu. Vijiti pembeni mwa kalibu moja huingia kwenye matundu ya mwenzake ili picha zisipishane. Urembo huo wote ulikuwa na kazi. Matapeli wa enzi hizo walijua kubandua uso wa muhuri kwa kisu cha moto na kuubandika kwenye hati ya uongo. Penye nyuso mbili na ukanda katikati, kazi hiyo ni ngumu mno.

Nta yenyewe ni ya nyuki, mara nyingi ikichanganywa na utomvu. Huyeyuka karibu nyuzi 63 za Selsiasi, joto ambalo ghala la nyaraka halifiki. Kinachoimaliza ni kuanguka, au kuning'inia tu hadi ukanda ukakatika.

Nyumba yenyewe haikudumu hivyo. Mfalme Henry VIII aliifunga 1538, na mawe yake yakasombwa kujengea kasri lake la Nonsuch. Kwa maoni yangu ni hasara kubwa kuliko inavyosemwa.

Ukiziorodhesha, basi, zipe picha zote mbili namba ileile: Maria mbele, Augustino nyuma.