LDL ikipanda, vitamini C nayo ina neno lake

Mi hii ishu nilianza kuifuatilia baada ya majibu ya damu kuonyesha LDL, ile kolesteroli inayoitwa mbaya, iko juu, dokta akaniuliza matunda nakula lini na lini nikabaki nacheka, manake nilitegemea aulize chips.

Kumbe iko hivi. Kolesteroli ni mafuta, haiwezi kuelea yenyewe kwenye damu, lazima ibebwe na protini: LDL inaisambaza kwenye seli, HDL inazoa iliyozidi inairudisha kwenye ini. Ini nalo linaigeuza kuwa asidi za nyongo, ndo njia kubwa ya kuitoa mwilini. Sasa cheki simbilisi, maana nao kama sisi binadamu hawajitengenezei vitamini C, wakikosa hiyo vitamini kile kimeng'enya kinachoanzisha kazi ya kutengeneza nyongo kinapoa, kolesteroli inakosa pa kwenda inajaa kwenye ini na damu, LDL inapanda.

Halafu kuna LDL kuoksidika, ambako ni kama kupata kutu, na LDL ya hivyo ndo inamezwa na seli za kinga kwenye ukuta wa mshipa mpaka panajenga utando. Vitamini C inawahi kuzizima zile kemikali haribifu, tena inaihuisha vitamini E iliyomo ndani ya LDL yenyewe.

Kuna na lipoprotini(a), chembe nyingine ya kubeba kolesteroli inayofanana na LDL. Wanasayansi Linus Pauling na Matthias Rath mwaka 1990 walisema mwili unaitumia kuziba mishipa iliyolegea kwa kukosa vitamini C. Inavutia, ila mi naiacha kwenye nadharia, kiwango chake karibu chote ni cha kurithi.

Ila jamani msikimbilie vidonge vya vitamini C mkaacha statini, zile dawa za kushusha kolesteroli!! Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 2002, watu zaidi ya 20,000, vidonge vya vitamini C, E na beta-karotini havikupunguza shambulio la moyo, simvastatini, ambayo ni statini, ilipunguza. Vitamini C inaziba pengo kama unalo, basi.

Mwanaume anahitaji miligramu 90 kwa siku, mwanamke 75, mvutaji aongeze 35. Chungwa moja na hoho mbichi kidogo umemaliza, mboga usichemshe ukamwaga maji. Ukipitisha miligramu 2,000 tegemea kuharisha, na kama ulishapata mawe ya figo usiguse dozi kubwa bila kumuuliza dokta.