Choo kisichovuta katika nyumba kongwe za Lamu: anza na ndoo

Wewe unayeanza kazi ya bomba hapa Lamu, utaitwa mara nyingi kwa neno moja: choo hakivuti. Mwenye nyumba atakuwa ameshaamua kwamba sinki la choo ni la kutupwa. Usikubali haraka. Sinki la kauri halichoki kwa kuvutwa maji. Vinavyochoka ni vitu vilivyolizunguka, na vingi bei yake ni ndogo. Tena sinki jipya huvushwa kwa boti kutoka Mokowe, upande wa bara, likapita vichochoroni juu ya punda au mkokoteni, na likifika na ufa hasara ni ya mteja.

Kwanza ndoo. Jaza lita 9 au 10, uyamwage yote kwa mkupuo mmoja katikati ya sinki. Yakienda kwa kishindo na kusafisha, mabomba ni mazima na ubaya uko juu: kwenye tangi au matundu ya ukingo, yale yanayomwaga maji kuzunguka sinki. Yakipanda, yakasita, kisha yakashuka polepole, ubaya uko chini: shingo ya sinki, bomba, chemba (kisima kidogo chenye kifuniko cha kukagulia bomba) au shimo lenyewe la maji machafu. Fundi anayeruka hatua hii hubahatisha kwa pesa za mwenzake.

Tuseme ubaya uko juu. Funua tangi. Maji yafike kwenye alama iliyochorwa ndani, kama sentimita 2.5 chini ya mdomo wa bomba la kutolea yaliyozidi. Yakiwa pungufu, inua boya. Kama tangi huchukua muda mrefu mno kujaa, tazama valvu ya boya: maji yakishuka kutoka tangi la juu ya nyumba lililo mita moja au mbili tu, nguvu yake ni ndogo, na valvu ya tundu jembamba hailingani nayo. Weka ya tundu pana.

Mpini ukipigwa mara tatu ndipo maji yatoke, basi ni saifoni. Ndani yake kuna kiwambo cha plastiki kinachoinua maji. Kikipasuka, maji huponyoka pembeni badala ya kupanda. Funga maji, kausha tangi, legeza nati ya bomba la kushushia na ile kubwa iliyoshika saifoni, uitoe. Kama tangi limekaa juu ya sinki lenyewe, itabidi uling'oe tangi kwanza. Kiwambo kipya kikatwe sawasawa na cha zamani: kikiwa kikubwa kitakwaruza kuta na kukwama, kikiwa kidogo hakitainua maji.

Matundu ya ukingo ndiyo yanayosahauliwa kuliko yote, na hapa kwetu ndiyo yanayoharibu vyoo vingi. Maji ya visima yana chumvi na chokaa, na ukoko hujijenga humo kidogo kidogo mpaka maji yanatiririka upande mmoja tu. Tazama kwa kioo kidogo. Loweka matambara kwenye siki, yabane chini ya ukingo wote, yaache usiku kucha. Asubuhi zibua kila tundu kwa waya laini wa shaba. Wapo wanaomwaga asidi ya betri. Hiyo huunguza ngozi na macho, na haifai chooni. Na kamwe usichanganye siki wala asidi yoyote na dawa ya klorini: gesi inayotoka inaua, hasa katika choo kisicho na dirisha.

Ubaya ukiwa chini, anza na pampu ya mpira. Isipofaa, nenda chemba. Chemba ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele yake, upande wa shimo. Ikiwa kavu, kiko kati yake na sinki. Fimbo za kuzibulia zizungushe kulia tu. Ukizungusha kushoto zinafunguka na kipande kinabaki ndani. Nyumba za kupangisha wageni utatoa vitambaa vyenye unyevu na pedi. Mwambie mwenye nyumba aweke ndoo yenye kifuniko.

Choo kinachotoa mapovu na sauti ya kukoroma, na bomba ni wazi, hakina pumzi: bomba la hewa limezibwa juu, au halikuwekwa kabisa. Na kama mwenye nyumba iliyo karibu na bahari anasema choo hukataa siku kadhaa kisha hupona chenyewe, muulize kama ni siku za bamvua, bahari inapojaa sana, au wakati wa masika. Maji ya ardhini yakipanda, shimo halinywi. Hapo sinki jipya ni kumwibia mtu; kinachotakiwa ni kutazama shimo.

Sinki likiwa limepasuka kweli, badilisha. Pima kutoka ukuta uliomalizwa hadi katikati ya tundu la kutolea, na ujue kama linatoa chini au nyuma, kabla ya kwenda dukani. Ghorofani, sakafu ni mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, na boriti haikatwi ili bomba lipite. Chagua sinki linalotoa nyuma. Kabla ya kutoboa ukuta wa nje uliza ofisi ya Makumbusho ya Taifa, kwa kuwa mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001. Bomba la milimita 110 lishuke milimita 25 kwa kila mita. La mita 4 lishuke sentimita 10, upime kwa pima maji, si kwa jicho. Bomba likiwa refu na limelala, tangi la mivuto miwili, mdogo wa lita 3 na mkubwa wa lita 6, litaacha uchafu njiani kila likivutwa kwa lita 3.

Usilizike sinki kwa simenti. Siku ya kulitoa litavunjika. Lishike kwa skrubu za shaba au chuma kisichoshika kutu, na silikoni pembeni. Ziba tundu la bomba kwa kitambaa unapofanya kazi, na ukumbuke kukitoa. Mwisho vuta maji mara kumi, pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo, kisha shuka chini ukaguse boriti. Unyevu mdogo tu hapo, fungua kiungo na uanze upya.