Miwani ya VR haioni diski yangu ya nje, nifanyeje?

Swali: Fundi asalaam alaykum. Mie niko Chake Chake, nna miwani ya VR, ile ukivaa unaona video kama umo ndani yake, aina ya Quest 2 ya GB 128 na ishajaa. Video zangu zote nimezitia kwenye diski ya nje ya TB 1, kuna mchezo wa ng'ombe nilourikodi mwenyewe kwa kamera ya 360, ile inayochukua pande zote na harusi ya dada alorikodi rafiki yangu kwa kamera yake ya lenzi mbili. Nikichomeka diski kwenye miwani taa inawaka halafu kimya. Nikafuta baadhi ya vitu nikaingiza video mbili kwa laptop, ya harusi inatoka picha mbili mbili ubavuni, ya ng'ombe nilihamisha faili kama lilivo kwenye kamera halifunguki kabisa, na kwenye laptop linaonesha maduara mawili kama macho ya bundi. Bibi hakuweza kwenda Unguja harusini anataka aione, ila juzi kavaa miwani kidogo tu kasema kichwa kinamzunguka. Na je, hivi vitu vinakula bando?

Jibu: Waalaykum salaam yakhe. Kwanza miwani yako nzima, usimpelekee mtu akaifungua.

Hiyo diski yako bila shaka ni ile ya kuzunguka ndani, hebu itegee sikio ukiichomeka, utasikia tik tik tik halafu inanyamaza. Hiyo njaa ya umeme. Diski zile wakati wa kuanza kuzunguka zinataka umeme mwingi, na tundu la miwani kazi yake hasa kuchaji na kupitisha data, sasa ukilitwisha mzigo wa mota tena kwa betri ileile inayowasha skrini mbele ya macho yako, litaweza wapi. Ukitaka kuchomeka moja kwa moja tafuta flashi yenye kichwa cha taipu C au SSD ndogo, ile diski isiyo na kitu cha kuzunguka ndani, na waya uwe mfupi usije ukamvuta mtu kichwa.

Halafu fomati, yaani namna diski inavopanga mafaili ndani yake. Laptop za Windows zinapenda ile ya NTFS lakini miwani ndani yake ni Android, na Android na NTFS mara nyingi hawaelewani. Mie naformati exFAT basi. Utaskia mtu anakwambia tia FAT32, kweli inasomeka kila pahala lakini haikubali faili moja kuzidi GB 4, na video hizi nzito balaa, ikiwa imerikodiwa megabiti 100 kwa sekunde hiyo ni MB 12.5 kila sekunde, dakika moja MB 750, yaani dakika ya 6 haijesha faili lishagoma. Harusi gani ya kwetu inaisha dakika sita? Ila kuformati kunafuta kila kitu, hamisha vitu vyako mwanzo, nishajiwa na watu wanalia hapa dukani.

Sasa nikwambie ninavofanya mie nyumbani, maana mie sichomeki kitu kwenye miwani. Diski naiwacha kwenye laptop, huko umeme inapata wa kutosha. Bonyeza folda la video kitufe cha kulia, ingia kwenye sehemu ya kushea, lishee, na Windows ikikuuliza mtandao wa aina gani chagua wa binafsi, ukichagua wa umma laptop inajificha na utahangaika usiku mzima. Kwenye miwani fungua Skybox, ile pleya ya video za VR, ingia sehemu ya mtandao, utaiona laptop yako, andika jina na nywila ya laptop, folda hilo hapo. Bando haliliwi hata kidogo kwa sababu video inatoka kwenye laptop inakwenda kwenye miwani humohumo ndani ya waifai yako, haitoki nje kwenye intaneti. Hata kama huna ruta washa hotspoti ya simu na data uzime kabisa, laptop na miwani zote ziunge hapo, na hivo hata umeme ukikatika mnaendelea mpaka betri ziishe. Muhimu waifai iwe ya 5 GHz, ile ya 2.4 itakwamakwama mpaka ukasirike. Ukiwa na ruta, laptop itie waya kwenye ruta, miwani peke yake ndo itumie waifai.

Picha mbili ubavuni si kosa, ndo video yenyewe ilivo, picha ya jicho la kushoto na la kulia zimewekwa pamoja. Pleya haijajua tu. Badilisha jina la faili mwishoni utie _180_LR (180 ni nusu duara, LR ni kushoto-kulia), au ukiwa ndani ya pleya chagua mwenyewe digrii 180 na kushoto-kulia. Yale macho ya bundi ndo mambo mengine, hilo ni faili bichi la kamera halijashonwa, yaani picha za lenzi mbili hazijaunganishwa kuwa moja. Kama kamera ni Insta360 faili linaishia na .insv, lipitishe kwenye programu yao ya Insta360 Studio kwenye laptop, utoe mp4 ya 360 kwa 5760 mara 2880, kodeki (njia ya kubana video) H.265, ndo ulipeleke kwenye miwani. Inachukua muda, iwache ifanye kazi ukalale.

Na miwani usiiwache barazani lenzi zikaelekea jua, hata dakika chache, lenzi zile zinakusanya jua kama kioo cha kukuza na skrini inaungua. Yangu ya kwanza ina doa la njano mpaka leo.

Bibi mkalishe kwenye kiti chenye mikono, feni impulize, muanzishie pale kamera imesimama juu ya meza bibi harusi anapoingia, dakika tatu nne tu umvue apumzike. Ile ya ng'ombe ulokuwa unakimbia na kamera mkononi usimuoneshe kabisa.