Jibu: Ryzen 5 5600 bila kadi ya grafiki, itawaka?

Salama mkuu. Kwa hiyo unataka kununua prosesa ya Ryzen 5 5600 sasa, kadi ya grafiki isubiri hadi uuze viazi. Feni zitazunguka, skrini itabaki nyeusi: 5600 haina grafiki ya ndani. Chukua 5600G, hiyo inayo.

Cha kwanza kukagua ni madabodi. Madabodi ya B450 ya zamani haiitambui prosesa hiyo mpaka BIOS (programu ya madabodi inayoiwasha kompyuta) isasishwe. Muuzaji wa Dar aiwashe madabodi na prosesa hiyo kwenye video kabla hajaipakia kwenye basi la Mbeya.

Ram weka mbili za GB 8, aina ya DDR4, kasi 3200, siyo moja ya 16. Grafiki ya ndani inakula ram hiyohiyo. Ikiwa moja, njia ya data inakuwa nusu na gemu zinakwama. Halafu washa XMP (mpangilio unaoipa ram kasi yake kamili) kwenye BIOS, wengi husahau.

Pawasaplai ya bure inayokuja na kesi usiiamini, hasa kwa umeme huu wa kukatika-katika. Wati 550, 80 Plus Bronze (cheti cha ufanisi wa umeme). Feni ya ziada ya prosesa achana nayo, ya kwenye boksi inatosha kwa baridi yetu.

Baadaye usinunue kadi ya grafiki ya RX 6500 XT: inatumia njia 4 tu za PCIe (zinazounganisha kadi na prosesa), na 5600G inaishia toleo la PCIe 3.0, kwa hiyo kasi itapungua.