Usilipie laptopu yoyote ambayo hujaifungulia picha yako mwenyewe

Mkuu mleta uzi, hiyo hela irudishe mfukoni kwanza. Hata kishika uchumba usitoe.

Umesema uko Kasulu, unapiga harusi na sendofu, una milioni moja na laki mbili, na umebakiwa na chaguo mbili: MacBook Air ya 2017, au laptopu ya Windows yenye stika ya i7 (aina ya prosesa, yaani ubongo wa mashine) ambayo muuzaji amekuapia kwamba "inabeba kazi yoyote". Umeuliza kati ya Mac na Windows ipi inafaa kuediti picha, ipi inakaa na chaji hadi shughuli iishe, na ipi haitakusumbua ukichomeka diski yako ya nje yenye kazi za miaka ya nyuma. Nimesoma majibu yote hapo juu. Ushabiki mtupu: huyu Mac, yule Windows, mwingine kaja na Linux, mfumo wa bure. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza skrini za hizo mashine zikoje. Hapo ndipo presha imenipanda, maana mimi niliingizwa mkenge palepale unapotaka kukanyaga wewe, hapahapa Kigoma, tena kwa maneno yaleyale.

Niseme ilivyokuwa. Anayetaka kucheka acheke.

Mimi kazi zangu nyingi ni upande wa wanawake kwenye shughuli za Ujiji: hina, singo, kule ndani ambako mpiga picha wa kiume haingii. Laptopu yangu ya zamani ilipokufa nikaenda duka moja Mwanga, duka la maana tu, vioo na kiyoyozi. Nikamwambia muuzaji waziwazi: naediti picha za harusi, na picha zenyewe zinachapwa albamu. Akanitolea laptopu ya Windows, i7, RAM gigabaiti 16, SSD. Nikamuuliza habari ya skrini, nilimuuliza kwa mdomo wangu. Akanijibu, "Dada, picha inaendeshwa na prosesa. Skrini ni skrini tu, zote HD." Fundi wake aliyekuwa pembeni anafungua simu ya mtu naye akaitikia kwa kichwa. Watu wawili wanaokula kwa kazi hiyo, mteja kawaeleza shida yake mpaka mwisho, na wakamuuzia kitu kisichofaa kwa shida ileile. Kama hawakujua, wasingejibu. Kama walijua, Mungu anawaona.

Kwa mwendo sikuwa na la kulalamika. Lightroom, programu ninayoeditia, ilikuwa inafunguka upesi, picha zinashuka bila kukwama. Kazi kubwa ya kwanza kuifanyia pale ikawa harusi ya Ujiji, watu wenye uwezo wao. Wanawake wote wa upande wa bi harusi walishona sare ya damu ya mzee. Bi harusi mwenyewe maji ya kunde, hina yake imekolea inakaribia weusi. Nimekaa naediti, naona ile damu ya mzee imepauka, inaelekea kahawia. Nyuso nazo naona zimepoa, kuna bluu fulani imezilalia. Mimi nilikuwepo pale, zile nguo niliziona kwa macho yangu. Kwa hiyo nikakoleza nyekundu, nikapandisha joto la picha, nikakoleza tena, mpaka sare ikarudi kuwa ile ninayoikumbuka. Mpangilio uleule nikauhamishia kwenye picha zote za ndani, nikatuma Dar zikachapwe.

Albamu ilikuja na basi. Niliipokea stendi, kiherehere kikanifanya niifungue palepale juu ya benchi. Sare ilikuwa nyekundu inayowaka, mikunjo yote ya kitambaa imemezwa, imebaki rangi tupu. Hina imegeuka rangi ya chungwa. Na nyuso, kuanzia bi harusi, mama yake, mpaka mashoga zake, wote kama wamepakwa mawese. Nilitamani kulirudisha lile boksi kwenye basi. Lakini wenyewe walishajua mzigo umefika, nikaupeleka. Shangazi wa bi harusi alichukua albamu akasogea nayo mlangoni kwenye mwanga. Akautazama mkono wake, akautazama ukurasa, akautazama mkono tena. Akaniuliza polepole, "Mwanangu, huyu ni mimi?" Afadhali wangenigombeza.

Nikawapigia wa Dar waliochapa, nimewaka, nawaambia wameharibu wino. Kijana aliyepokea alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema: fungua faili lako kwenye kompyuta nyingine yoyote. Nikafungua kwa jirani yangu mwalimu: mawese. Nikafungua steshenari: mawese. Kompyuta pekee iliyoonyesha kazi nzuri ilikuwa ya kwangu. Na msije mkaniuliza kwa nini sikuangalia kwenye simu kwanza. Niliangalia. Simu yangu ina skrini ya AMOLED, na nyingi za aina hiyo zinatoka kiwandani zimewekwa kukoleza rangi, kwa hiyo kila nikiona wekundu nasema hiyo ni simu.

Faida yote ya harusi ile iliishia kwenye kuchapa upya, na bado nikaongeza ya kwangu. Harusi ya mdogo wake bi harusi, ambayo nilishaahidiwa, akapewa mtu mwingine. Ujiji habari haikawii.

Sasa nikueleze kilichokuwa kinafanyika. Kila paneli ya skrini, yaani kile kioo chenyewe kinachotoa picha, ina mwisho wa rangi inazoweza kutoa. Picha tunazotuma kwa wateja na kwenye maabara za kuchapa, nyingi zinakaa ndani ya kipimo kinachoitwa sRGB, kilichotengenezwa na HP na Microsoft mwaka 1996. Laptopu inayofaa kazi yetu inaonyesha rangi zote za kipimo hicho au karibu zote. Paneli za bei rahisi, zile zilizojaa kwenye laptopu za maofisini ambazo baadaye zinaletwa huku zikiwa zimetumika, huwa zimeandikwa asilimia 45 ya NTSC. NTSC ni kipimo cha zamani cha televisheni ya Marekani, na sRGB iliyotimia ni kama asilimia 72 yake. Piga hesabu: paneli ya 45 inakupa asilimia 60 na kitu tu ya rangi zilizomo kwenye picha yako. Na zinazokatwa ni zile zilizokolea, nyekundu zikiwemo. Yaani vitenge, hina, dhahabu, midomo, na ule wekundu wa chini ya ngozi unaofanya mtu mweusi aonekane ana uhai. Wewe unakoleza ili uione rangi ambayo skrini haina uwezo wa kuitoa, na faili linabeba kila ulichokoleza.

Kuna aliyekuambia hapo juu ununue tu Spyder upime skrini, mambo yaishe. Si kweli. Kifaa cha kupimia kinanyoosha rangi ambazo paneli inazo, kitakuondolea ile bluu, na ni kizuri ukiwa na skrini nzuri. Rangi ambayo paneli haina hakiwezi kuileta.

Na hiyo stika ya i7 inayokupa usingizi, muulize jamaa namba kamili. i7-7600U ina kore mbili (kore ni zile sehemu za prosesa zinazogawana kazi). i5-8250U ina kore nne. Huyo wa pili ndiye utakayemuona ana nguvu Lightroom inapotoa picha nyingi kwa mkupuo, ingawa stika yake haina sifa mtaani. Tena i7 za kizazi cha saba (namba zinazoanza na 7), ukiacha chache sana, hazimo kwenye orodha ya Microsoft ya Windows 11, na Windows 10 msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji anayesema "i7" akaishia hapo hajakuambia kitu. Inaniuma sana kuona watu wanavunja vibubu kwa herufi moja na tarakimu moja.

Wale wa "chukua Mac uone raha" nao wanakupoteza, na hawa ndio hatari zaidi kwa sababu wanasema nusu ya ukweli. Ni kweli Mac nyingi zina rangi safi. MacBook Pro tangu 2016, na Air ya M1 (prosesa ya Apple wenyewe) iliyotoka Novemba 2020, zinavuka sRGB mpaka kwenye kipimo kipana zaidi cha P3. Lakini Air ya 2017 unayotaka kununua haimo kwenye sifa hizo! Ina paneli ya TN (aina ya bei rahisi), pikseli 1440 kwa 900, upeo wake wa rangi ni mwembamba kama wa hizo laptopu za ofisini, na ukiilaza kidogo nyuma rangi zinageuka mbele ya macho yako. Skrini ya Retina, ile kali ya Apple, ilifika kwenye Air mwaka 2018. Na mfumo wake, macOS, unaishia toleo la Monterey, wakati matoleo mapya ya Lightroom yanadai macOS ya juu zaidi. Kwa hiyo chaguo zako zote mbili, ya tofaa na ya dirisha, zinaweza kukuletea mawese yaleyale niliyoletewa mimi.

Mac au Windows, basi? Lightroom na Photoshop ziko kote kote na zinafanya kazi ileile; kidole kitazoea tu kubonyeza Command badala ya Ctrl. Kwenye Linux hazipo, ila kuna darktable na GIMP, ni za bure na zinafanya kazi kweli. Kwa mpiga picha wa harusi mwenye bajeti yako, hilo ni jambo la kuamua mwisho kabisa, na ukitaka amua kwa mazoea.

Ninachokuomba ushike ni hiki. Usilipe kabla picha yako mwenyewe haijafunguka kwenye skrini hiyohiyo utakayoondoka nayo. Si picha ya muuzaji. Wale wana picha za maua na magari ya rangi kali, zinapendeza hata kwenye skrini mbovu. Chukua picha uliyokwisha kuichapa ikatoka vizuri na mteja akafurahi, iweke kwenye flashi, na ile iliyochapwa ibebe mkononi. Iwe na ngozi ya mtu mweusi na kitambaa chekundu au cha damu ya mzee. Fungua faili, shika karatasi pembeni ya skrini, mkae ndani kivulini, si mlangoni kwenye jua. Kabla ya kutazama zima Night Light, na kwenye Mac zima Night Shift na True Tone, maana hizo zinatia umanjano na utadhani ngozi imependeza. Pandisha mwangaza wote. Halafu chomoa chaja, kwa sababu zipo laptopu zinazofifisha skrini zenyewe zikiwa kwenye betri, na wewe utakuwa unafanyia kazi kwenye betri siku umeme umekatika.

Tazama kitambaa kwanza. Kama kwenye karatasi ni damu ya mzee na kwenye skrini ni kahawia iliyopauka, funga laptopu, sema asante. Usijiambie utazoea. Macho yanazoea haraka sana na hapo ndipo hasara inapoanzia. Kisha weka picha ya mtu mwenye buibui jeusi: mikunjo ionekane, weusi usiwe bonge moja. Kisha ilaze skrini mbele na nyuma uone kama sura inabadilika rangi. Muuzaji akikataa flashi kwa kisingizio cha virusi, mtumie picha kwa barua pepe aifungue yeye. WhatsApp hapana, ukiituma kama picha inaiminya.

Kama mzigo uko Dar na huwezi kusafiri, usikubali kupigiwa picha ya skrini ukaletewa kwenye simu. Hapo unatazama kamera ya mtu kupitia skrini nyingine. Tuma ndugu aende na flashi na picha iliyochapwa. Na jina la modeli peke yake lisikutoshe, kwa sababu modeli moja huuzwa na paneli tofauti. ThinkPad T480 kwa mfano ilitoka na skrini za pikseli 1366 kwa 768, 1920 kwa 1080, na 2560 kwa 1440, zote kwa umbo lilelile, na dukani zinapangwa pamoja. Programu ya HWiNFO, ni ya bure, inakuonyesha namba ya paneli iliyomo. Namba hiyo ukiitafuta mtandaoni unapata kipimo chake cha rangi, na tovuti ya Notebookcheck imepima laptopu nyingi mno.

Kwa hela yako mimi ningefanya moja kati ya mawili. Ningesubiri niongeze kidogo nitafute Air ya M1, na kabla ya kulipa nihakikishe ikifutwa kila kitu na kuwashwa upya inafika mwisho bila kudai akaunti ya mtu wala kampuni. Au ningechukua laptopu ya Windows yenye prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele, skrini yake hata ikiwa dhaifu nisijali, na hela inayobaki ninunue monita ya mezani ya IPS (paneli isiyogeuza rangi ukiitazama kwa pembeni) iliyothibitishwa kufikia sRGB, rangi zote niziamulie pale. Ndivyo ninavyofanya sasa. Laptopu ya Mwanga bado ninayo, inachagua picha na kuhifadhi, rangi haigusi.

Hiyo Air ya 2017 mjibu mwenyewe leo kwamba huichukui. Ya i7, leta hapa namba kamili ya prosesa na modeli iliyobandikwa chini ya mashine, si iliyoandikwa kwenye tangazo. Nitakutafutia paneli yake.