Uliza Shangazi: Chumba cha Shangani na hela ya kutuma leo

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Uyole, Mbeya. Februari ijayo mimi na shoga zangu wawili tumepanga kwenda Zanzibar kwenye tamasha la Sauti za Busara. Vyumba tulivyoviona mtandaoni vina bei za dola na zinatisha. Juzi nimepata kaka mmoja WhatsApp, ana chumba Shangani, humohumo Mji Mkongwe, bahari unaiona dirishani, na bei ni rahisi hadi tumeshangaa. Anataka tulipie siku zote leo hii kwa simu, eti kuna wengine wanakisubiri. Wenzangu wanasema tutume. Unasemaje?*

Marahaba mwanangu. Msitume.

Wewe ni mtu wa Uyole, jambo hili umeshaliona. Nane Nane ikifika na viwanja vya John Mwakangale vikajaa, gesti zote za jirani zinajaa nazo, na chumba kilekile cha siku zote kinapanda bei bila hata kubadilishiwa pazia. Sasa chukua hali hiyo uipeleke Mji Mkongwe. Tamasha lipo tangu 2004, huwa Februari (2016 tu halikufanyika, fedha zilikosekana), na moyo wake ni Ngome Kongwe, pale mbele ya Forodhani. Watu wote wanataka kulala karibu na ngome, na mji wenyewe ni wa vichochoro, tena ni urithi wa dunia tangu 2000, mtu habomoi nyumba akapandisha ghorofa la hoteli anavyotaka. Vyumba haviongezeki, wageni wanaongezeka. Halafu mtu akuuzie cha Shangani, chenye bahari dirishani, kwa bei ya huruma? Kwa nini akuonee huruma wewe asiyekujua?

Mimi nimeendesha gesti Iringa mjini miaka mingi, na wiki za mahafali ya vyuo zilinifunza mengi. Walikuwa wanakuja wazazi na mabegi yao, wananionyesha ujumbe wa muamala: wamemlipa mtu fulani chumba cha kwangu, kwa picha za chumba cha kwangu, na huyo mtu mimi simjui. Daftari langu halina jina lao. Unawafukuzaje watu wazima usiku? Wengine niliwatandikia godoro sebuleni. Kwa hiyo nikisikia "kuna wengine wanakisubiri", kwangu ni ndugu wa ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Ila sitaki umtukane huyo kaka, huenda ni dalali wa kweli. Mpime. Mwambie apige simu ya video akiwa amesimama nje kwenye kichochoro, aingie mlangoni, apande ngazi, afungue chumba, afungue na bomba la maji. Muulize mwenye nyumba ni nani na leseni iko wapi, maana nyumba za kulaza wageni Zanzibar zinapewa leseni na Kamisheni ya Utalii. Akikubali hayo yote, mpe kishika uchumba cha usiku mmoja tu, kwa lipa namba yenye jina la nyumba yenyewe. Jina likitokea la mtu mwingine kabisa kabla hujaweka namba ya siri, ghairi. Akianza kununa kwenye video, umeshapata jibu na hujatoa hata mia.

Tena mimi ningekuwa ninyi nisingehangaika na Shangani kabisa. Vukeni Darajani mwende Ng'ambo: Michenzani kwenye yale majumba marefu, Kikwajuni, Kisiwandui, Mlandege. Huko kuna gesti za kawaida na familia zinazotoa chumba, bei inatajwa kwa shilingi, na Ngome Kongwe mnaifikia kwa miguu, dakika kama 20 hivi kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Mchana tembeeni. Usiku muziki ukiisha, wanawake watatu msirudi kwa miguu vichochoroni. Muwe na dereva wa teksi mliyekubaliana naye bei tangu jioni. Na kama mnakaa na familia, khanga iwe karibu, na muulize mapema kama kurudi saa saba usiku ni ruhusa. Kuna wenye nyumba wanaofunga mlango na hawaamki.

Popote mtakapopiga simu, jambo la kwanza semeni ninyi ni Watanzania. Hoteli nyingi zina bei ya mkaazi ambayo haiandikwi mtandaoni, na hata tiketi za boti na za tamasha mwananchi analipa pungufu ya mgeni. Vitambulisho vya NIDA mkononi.

Ulizeni na feni. Nacheka, lakini mtu wa Uyole aliyezoea blanketi mbili hajui Februari ya Zanzibar, wakati wa kaskazi. Chumba kisicho na feni wala dirisha la kupitisha upepo, hata kiwe bure, hamtalala.

Mmesahau usiku mmoja kwenye hesabu yenu: wa Dar. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Mkipanda basi la alfajiri mtafika Mbezi boti ya mwisho, ambayo huondoka alasiri, imeshakwenda. Ama mpande basi la usiku mshuke asubuhi na kwenda moja kwa moja bandarini, ama mtenge hela ya gesti Dar.

Na msilipie chochote kabla tarehe hazijatangazwa na waandaaji wenyewe. Ramadhani miaka hii inaangukia Februari, msikariri tarehe za mwaka uliopita.

*Kamwene Shangazi. Niko Mafinga. Mimi sihitaji chumba, nataka nicheze muziki hadi mwisho halafu nikae Forodhani kungoja boti ya asubuhi. Kuna ubaya?*

Kamwene mwanangu. Usiku wa kwanza utaweza, una damu ya moto. Usiku wa pili utasinzia kwenye benchi na simu itaondoka, na tiketi yako ya boti imo humohumo kwenye simu. Tafuta kitanda cha bweni, hosteli zenye vitanda hivyo zipo Mji Mkongwe. Unalipia kitanda tu, chumba mnachangia na wengine. Nunua kufuli yako mwenyewe hapohapo Mafinga, ya kisanduku cha mizigo. Wengi hawabebi, kisha wanakumbatia begi hadi asubuhi.